Jina la Mbuzi Wetu

Masuguru,
Korogwe.
Jumapili, baada ya mvua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani upande wenye kivuli, jicho lako lililopasuliwa halitoi machozi tena, na lile lingine linangoja zamu yake bila kukusumbua. Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na kulala. Roho ndiyo siwezi kusema ni nzima, na sababu yake utaisikia. Vipi mahindi ya bondeni? Sadala, mjumbe wetu wa siku zote, ameniambia mvua imeigusa hapo Sindeni japo kwa kubahatisha. Na jirani yetu Bi Mwanaisha, ule mguu wake unamruhusu kwenda kisimani? Mpe pole zangu, na umwambie simsahau kwa ule ugali wake wa muhogo.

Najua anayekusomea barua hii ni mdogo wangu Ramadhan, kwa sababu hapo nyumbani kwa sasa hakuna mwingine. Na wewe unajua tabia yake. Tangu tukiwa shule, ukimpa barua akusomee, salamu za ukurasa mzima anazifupisha kuwa anasalimia, na penye maneno mengi anasema na mambo mengine, kisha anakunja karatasi. Leo nakuomba umbane. Barua hii ina mbuzi ndani yake, tena ni mbuzi wetu, unamfahamu. Kama akifika kwenye salamu za mwisho hujamsikia mbuzi, basi ujue ameruka, mrudishe mwanzo. Asiruke hata mstari mmoja.

Utajiuliza kwa nini nimehangaika na kalamu wakati simu ninayo na salio lipo. Kwa simu ningekata katikati nikasingizia mtandao, mama. Najijua. Karatasi haikatiki.

Kazi yetu ya redio, mimi na Ramadhan, wewe unaijua kwa upande wa masikio tu, kwa hiyo nikueleze na upande wa nyuma. Ule mchezo wa jioni unaoupenda, wa yule mama mkwe mkorofi, hatuuigizi sisi. Unatengenezwa Dar es Salaam na kampuni moja, nao wanauweka kwenye kompyuta yao kubwa, sehemu nyingi kwa pamoja, mapema kabla ya siku za kurushwa. Sisi huku tunaushusha kupitia mtandao. Hatushushi kwa kubonyeza picha kama watu wanavyofanya kwenye simu. Ramadhan, ambaye ndiye aliyesomea mambo hayo, alitufundisha kutumia programu ndogo inayoitwa wget, sisi tunaiita wigeti. Unaiamrisha kwa kuandika maneno kwenye dirisha jeusi: nenda mahali fulani, chukua faili fulani, niletee. Mtandao ukikatika njiani, unairudisha na inaendelea pale ilipoishia, ndiyo maana tunaipenda.

Lakini ili Dar wakufungulie, lazima useme wewe ni nani na utoe neno la siri. Mkataba unasema neno hilo alijue mtu mmoja tu kituoni, naye alikuwa Ramadhan. Hakuwa akiliandika kwenye dirisha jeusi, kwa sababu kila unachoandika pale mashine inakitunza, na anayekuja baada yako anaweza kukisoma. Aliliweka kwenye faili dogo la mipangilio ambalo jina lake linaanza na nukta. Faili la namna hiyo halionekani ukifungua kabrasha, mpaka uliulizie makusudi. Juu ya hapo akalifunga, lisisomwe na mwingine yeyote. Wigeti ikilihitaji neno, inakwenda kulisoma yenyewe kimya kimya. Siku ambazo yeye hayupo, mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, naandika amri fupi, mchezo unashuka, bila kujua neno lenyewe ni lipi. Na sikuwa nataka kulijua.

Siku zile ulipofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, Ramadhan alikuwa na wewe hospitalini na mimi nilibaki kazini. Umeme ukakatika, uliporudi ulirudi kwa hasira, kompyuta ile ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Kabla haijazima kabisa nikawahi kuhamishia kazi zetu kwenye mashine nyingine. Nilichagua mafaili yote niliyoyaona nikayanakili. Niliyoyaona, mama. Lile la nukta sikuliona, likabaki humo, mashine ikafa nalo. Mchana ule nikaiagiza wigeti Dar kama kawaida, ikarudi mikono mitupu. Wanauliza wewe nani. Na mchezo wa jioni ulikuwa bado haujashuka.

Nikampigia Ramadhan anitajie neno. Kwanza alikataa. Akaniambia nimwone Mzee Bonaventura, mkuu wetu wa kituo, azungumze na Dar watafute njia nyingine. Nikamwambia Mzee yuko Hale kwenye shughuli na simu yake haipatikani, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikamwambia kwamba mama amelala hapo na bandeji machoni, burudani yake ni huo mchezo peke yake, na leo akiukosa ataona kiza mara mbili. Hilo lilikuwa la kumpata tu, maana namjua udhaifu wake. Hapo akanitajia. Neno lenyewe lilikuwa King'ang'anizi.

Sasa umekumbuka. Ulimsikia mwanao pembeni ya kitanda akimtaja yule mbuzi wetu aliyeuzwa kwa mchinjaji wa Makuyuni akarudi mwenyewe nyumbani na kipande cha kamba shingoni, baba akasema aachwe, huyu ametushinda. Ulidhani Ramadhan anaweka nadhiri ya kukuchinjia sadaka ukipona. Baadaye uliniambia kwa simu huku unacheka kwamba King'ang'anizi alishakufa miaka hiyo, sasa huyu mwanangu atachinja mifupa? Mimi nami nikacheka. Hukujua kwamba siku ile ulikuwa unasikia siri ya kituo kizima ikitolewa kwa ajili yako.

Sasa sikiliza kilichonipata. Jina hilo lina zile alama ndogo mbili za juu, walimu wetu walikuwa wakiziita ritifaa. Bila hizo halitamkiki, mtu atadhani unataka kupiga chafya. Kumbe kwenye dirisha jeusi alama ile ina kazi yake nyingine. Mashine ikiiona inadhani ni ya kufungia maneno, inatafuta ya pili yake, inachukua kilicho katikati na zenyewe inazitupa. Na mbuzi wetu, kwa bahati yake, anazo mbili kamili. Nikaandika King'ang'anizi, mashine ikazimeza ritifaa zote mbili, ikapeleka Dar Kinganganizi. Dar wakajibu hawamjui huyo. Nikaandika tena. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, nikaandika nimesimama. Nikaanza kumlaumu Ramadhan moyoni kwamba amenitajia uongo. Mimi na stashahada yangu ya uandishi wa habari, mimi ninayewasahihisha watangazaji wenzangu ng'ombe na ngombe, sikuwaza hata kidogo kwamba ni ritifaa iliyoliwa.

Mwishowe nilipata msaada, na ulikotoka nitakueleza mbele. Mchezo ukashuka, ukarushwa, ukausikiliza kitandani. Kesho yake kila mtu kituoni alinisifia kwamba Mwaija ameokoa jahazi peke yake. Nilizipokea sifa hizo zote, sikurudisha hata moja.

Muda ukapita. Siku moja nikaingia dukani kwa Leela, yule mama wa Kihindi anayeuza vitambaa hapa mjini, nikuchagulie kanga. Nyuma ya kaunta spika ndogo ilikuwa inacheza mchezo wetu. Mama mkwe alikuwa analia msibani kwa mwanawe. Mama, mwanawe alikuwa hajafa. Hata sisi wenye redio tulikuwa hatujamfikisha huko. Leela akaniambia kwa furaha kwamba amenunua memori kadi ya simu pale stendi, mchezo wote umo mpaka mwisho, hana tena haja ya kungoja jioni, na akaniuliza kama na mimi nataka anielekeze kwa muuzaji. Niliiacha kanga mezani nikatoka bila kumuaga.

Dar nao wakagundua. Wakaona kuna mtu ameingia kwa jina la kituo chetu, kutoka mahali pasipo petu, akashusha kila kitu. Wakatukatia. Ndiyo maana mchezo wako umekufa katikati, na samahani kwamba niliwahi kukudanganya kuwa waigizaji wamegombana. Mzee Bonaventura akaitisha kikao, akauliza nani mwingine aliyekuwa analijua neno. Ramadhan akasema hakuna, alikuwa analijua yeye peke yake. Hakumtaja mtu. Kwa hiyo ikawa ni yeye, kwani angekuwa nani tena? Wakamwachisha kazi, akafunga mizigo yake, akarudi kwako akiwa na jina la mwizi, na jina hilo likafika Sindeni kabla ya basi lake.

Ukanipigia simu, sauti yako imekauka. Ukaniambia umemnyang'anya ufunguo wa stoo ya mahindi, kwamba aliyegusa vya watu hashindwi kugusa vya mama yake, na kwamba wewe hukuzaa mwizi, hujui huyu ametoka wapi. Unakumbuka nilikujibu nini? Nilikujibu sawa, mama. Maneno hayo mawili ndiyo yananifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo.

Halafu akaja Sadala na salamu zako. Akanikabidhi bahasha, ndani mna ufunguo ule wa Ramadhan, akasema mama amesema wa kwake anabaki nao na huu ukae kwako, mwanawe mwaminifu, mpaka utakapokuja kuvuna. Nikamuuliza Ramadhan alikuwa wapi wakati unasema hivyo. Sadala akasema alikuwa hapo hapo, tena yeye ndiye aliyekwenda kutafuta bahasha. Mama, niliukalia ule ufunguo kama mtu aliyekalia kaa la moto. Nikauweka kabatini, nikauhamishia chini ya godoro, nikauficha kwenye unga. Kila nilipouweka niliuona.

Sasa nakwambia ulikotoka ule msaada.

Mchana ule mashine iliponishinda, nilipiga picha dirisha zima jeusi, jina la kituo likiwa pale, anwani ya Dar pale, na King'ang'anizi pale na ritifaa zake zote mbili, wazi kama tangazo la mkutano. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa kompyuta, kundi lenye watu wa kila mkoa ambao siwajui sura wala nia. Nikauliza mbona inanikatalia. Fundi mmoja anayeitwa Fausta akanijibu upesi. Akasema ritifaa zinamezwa, nilizungushie neno zile alama pacha za usemi, ama bora zaidi niliandike kwenye faili la nukta na kulifunga. Kisha akaongeza kwamba, dada yangu, umeanika neno la siri mbele ya watu, futa hiyo picha na mlibadilishe neno leo hii, msingoje kesho.

Nilifuta picha. Nikazungushia alama, mchezo ukashuka. Nikaandika na faili la nukta nikalifunga vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili. Ila neno sikulibadilisha. Kulibadilisha kulitaka kuwaambia Dar, na Dar wangeuliza kwa nini, na Mzee angeuliza nimelijuaje, na ningeonekana mshamba niliyeshindwa na jina la mbuzi. Nikajisemea nani atakayeshughulika na redio ndogo ya Korogwe. Nikatia mkoba begani nikaenda nyumbani. Aliyeichukua ile picha simjui mpaka leo, lakini mlango nilimfungulia mimi.

Na si hilo tu. Siku ya kikao, kabla hatujaingia, Ramadhan alinivuta pembeni kwenye korido. Aliniuliza kwa upole kama niliwahi kuliandika neno mahali, au kumwonyesha mtu, hata kwa bahati mbaya. Alisema nikimwambia ukweli tutaingia pamoja na kueleza pamoja. Nikamwangalia usoni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, nikamwambia nililiweka kichwani tu. Akasema basi, dada, nakuamini. Akaingia ndani akasema hakumpa mtu. Alijua angenitaja na mimi ningefukuzwa pamoja naye, na nyumbani kusingebaki mtu mwenye mshahara wa kukamilisha jicho lako la pili. Alibeba kosa la kunipa neno, ambalo ni lake, akabeba na la kulianika, ambalo ni langu, na hili la pili hakujua kwamba analibeba.

Naona aibu, mama. Sina namna nyingine ya kulisema. Naona aibu kwa wewe uliyenilea, na kwa marehemu baba, na hata kwa Leela, ambaye sijapita tena mbele ya duka lake ila mara moja, kuichukua kanga.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa Mzee Bonaventura nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Nikamwonyesha na jibu la Fausta, kwa sababu picha niliifuta lakini maneno yake yalibaki. Mzee alilisoma jibu hilo mpaka mwisho. Kisha akasema angependa ningeyasema hayo siku ile Ramadhan amekaa kwenye kiti hicho hicho nilichokalia. Hakupandisha sauti. Amenisimamisha kazi, na barua ya kumsafisha Ramadhan ameiandika mbele yangu kwenda Dar, na nakala inamjia yeye. Kama watamrudisha sijui, Mzee hakuahidi, nami sikuwa na uso wa kuuliza. Kwa hiyo asubuhi usipoisikia sauti yangu kwenye salamu, usidhani naumwa. Jicho lako la pili tutalitafutia njia. Nimeanza kuulizia kazi ya kuchapa kwenye duka la Pritesh la vifaa vya ofisi, na sijamficha kilichonitoa redioni.

Ramadhan, mdogo wangu, hapa sasa nasema na wewe. Najua ulipofika kwenye ile picha ulisita, ukamtazama mama, ukawaza kusema na mambo mengine. Ungefanya hivyo kunisitiri, kama ulivyonisitiri kwenye kikao. Nakuomba usinisitiri tena. Ningeweza kumwambia mama kwa mdomo wangu, lakini nilitaka ayasikie kwa sauti yako wewe, kwa sababu ni sauti yako aliyoacha kuiamini, na mimi ndiye niliyemwachisha. Kama umeruka, rudi. Soma kwa nguvu, hata Bi Mwanaisha kule kwake asikie. Kisha unisamehe siku utakayoweza. Nisiposamehewa pia nitaelewa.

Mama, kanga niliyokuchagulia anayo Sadala, ni ya rangi ya zambarau kama unavyopenda. Kwenye pindo lake nimefunga kitu na fundo nimelikaza sana. Usilifungue wewe, wala usimwambie Sadala alifungue. Mpe msomaji wako. Ni ufunguo wake wa stoo, alifungue kwa mikono yake mwenyewe, na wewe uwe umekaa hapo karibu umsikie anavyohangaika nalo.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Nitakuja kuvuna kama ulivyosema, ila nitabisha hodi kama mgeni mpaka mtakaponikaribisha. Na kama umemsikia mbuzi, mama, basi barua imefika.

Ni mimi mwanao,

Mwaija